Kopo Lililorudi Limejaa

Doreen, wewe na wenzako mnaobaki na funguo za stoo mliniomba niandike "kitu kidogo" kabla sijasahau. Sijasahau chochote. Magoti ndiyo yamezeeka, kichwa bado kiko kazini, na ndiyo sababu kurasa zimekuwa nyingi kuliko mlivyotaka. Mkitafuta humu habari za vyeo na mshahara mtazikosa. Ziko kwenye faili, na faili haijawahi kumfundisha mtu kuacha simu nje ya mlango. Nitaandika juu ya baruti, mzee mmoja na kopo moja.

Nilikuja kwenye uwanja wetu wa shabaha hapa Kiirua nikitoka stoo ya mbolea ya chama cha kahawa. Nilidhani stoo ni stoo. Wanachama walikuwa wakulima wa ngano, walimu wastaafu, daktari wa mifugo mmoja, watu wenye leseni za bunduki za michezo. Risasi nzuri za mashindano zilikuwa adimu kama mvua ya Februari, kwa hiyo uwanja ulikuwa na kibali cha kujaza za kwake. Ganda lililokwisha kutumika linasafishwa, linatiwa fataki mpya ya kuwashia, baruti inapimwa kwenye mizani midogo, kisha kichwa cha risasi kinashindiliwa juu. Baruti yenyewe si ile nyeusi ya kwenye hadithi. Ni baruti isiyo na moshi, chembe ndogo za kijivu, na usiyeijua ungeweza kuipanda ukidhani ni mbegu za terere, ule mchicha wa kwetu.

Siku ya kwanza nilimkuta Mzee Baariu amesimama mlangoni. Alikuwa ametengeneza bunduki za serikali miaka mingi kabla ya kuja kwetu, na ndiye aliyeijenga ile stoo. Alinitazama kuanzia kichwani hadi miguuni.

"Wewe ndio Gatwiri?"

"Ndiyo, Mzee."

"Na hiyo sweta ni ya nini?"

Nilidhani ameipenda. "Ni ya baridi, Mzee."

"Ni ya nailoni. Rudi nyumbani uvae pamba. Hii mlango haiingii mtu wa kutoa cheche."

Nilirudi nyumbani. Baridi ya Kiirua inayoshuka kutoka Mlimani haijui habari za nailoni na pamba, kwa hiyo kazi hii nimeifanya nikiwa nimevaa mashati matatu, moja juu ya jingine. Wanachama wengine walidhani mimi ni mnene. Sikuwasahihisha.

Niliporudi alinipeleka uwanjani, mbali na jengo, akamimina baruti kiasi cha kijiko kimoja juu ya jiwe, akaiwasha kwa kijiti kirefu. Nilikuwa nimeziba masikio. Ikasema fyuuu, moto wa manjano, ikaisha.

"Umeona? Ikiwa wazi, ni moto tu," akasema. "Ukiifungia pahali ngumu, sasa hiyo ni bomu. Ndio unaona paa yetu ni nyepesi na masanduku ni ya mbao. Mtu akikuambia tununue sefu ya chuma tufungie baruti, mwambie akalale."

Jambo la pili alilonifundisha ni kutumia pua. Kila mwezi alifungua kila kopo na kunusa. Baruti nzima ina harufu kali kidogo, kama rangi ya kucha. Ikianza kuharibika inakuwa chachu, inachoma pua, na unaweza kuona vumbi jekundu kama kutu juu ya chembe. Hiyo haingoji kikao cha kamati. Inatoka stooni siku hiyo hiyo. Nilikuwa na mafua mara mbili kwa mwaka, na siku hizo Mzee alinifukuza stooni kabisa, akasema sina faida kuliko mbwa aliyelala.

Jambo la tatu ndilo linalonifanya niandike. Baruti inakaa kwenye kopo lake la kiwandani, lenye lebo yake, mpaka siku ya mwisho. Haihamishwi. Haichanganywi na nyingine, hata mabaki mawili ya jina moja hayaunganishwi, kwa kuwa hujui lipi lilipata joto wapi. Juu ya meza ya kujazia kuna kopo moja tu kwa wakati mmoja. Na kopo likiisha, lebo inakwaruzwa, kopo linatobolewa lisitiwe kitu kingine tena.

Hapo kwenye kutoboa ndipo nilipogombana na wanawake wa kwetu wote. Makopo yale yana kifuniko kizuri cha kuzungusha, na mnajua mwanamke wa Meru akiona kifuniko kama hicho anaona maharagwe ya njahi ya mbegu, anaona chumvi, anaona sukari isiyoingiwa na sisimizi. Jirani yangu Kanyua aliniomba moja kwa muda wa mwaka mzima. Mpaka leo anaamini nina roho mbaya. Kila akiniletea mukimo kwenye bakuli, namrudishia bakuli na ndizi ndani, au viazi, au mayai mawili, maana kwetu chombo cha mtu hakirudi kitupu. Anachukua mayai, halafu ananikumbusha lile kopo.

Kuhusu kuitafuta baruti, msidanganywe na mtu. Njia ni moja: muuzaji mwenye leseni, kibali cha kuagiza, kibali cha kusafirisha, askari kiti cha mbele, na gari kutoka Nairobi alfajiri ili lipite kule chini Mbeere kabla jua halijawa kali. Kati ya kuagiza na kupokea, unaweza kulima mahindi, ukavuna, ukala. Nyakati hizo za ukame wa baruti ndipo wanapojitokeza wasaidizi. Alikuja jamaa kutoka upande wa Mikinduri na mfuko mgongoni, amevaa miwani ya jua siku ya mawingu.

"Mathe, niko na baruti hapa safi. Ya kuvunja mawe. Nakufanyia bei ya rafiki."

"Ya mawe?"

"Baruti ni baruti, mathe."

Mzee Baariu alitoka ndani polepole, akamwambia aweke mfuko chini taratibu na asimame pale kando ya mti. Kisha akapiga simu kituoni. Yule jamaa alisema sisi hatujui biashara. Huo ni ukweli ambao sijawahi kuuonea aibu.

Sasa nifike kwenye kopo.

Mwaka wa mwisho wa Mzee kazini, mzigo wetu ulikwama bandarini muda mrefu na mashindano ya kanda yalikuwa yanakaribia. Aliyetuokoa ni Ireri, mjazaji wa uwanja mdogo ulio chini kidogo ya Runyenjes. Ireri alikuwa amefundishwa kazi na Mzee Baariu mwenyewe, na alimheshimu kama baba. Kwa barua na vibali vyote, alituazima kopo moja la baruti ya bunduki ndefu. Tukatumia robo tatu yake. Mzigo wetu ulipofika tukakubaliana kumrudishia kopo jipya la aina ile ile, lenye lakiri yake, pamoja na lile lake lenye mabaki.

Mzee ndiye aliyefunga sanduku, katika wiki yake ya mwisho. Mimi niliandika barua na kutia sahihi, na wiki hiyo hiyo likapelekwa kwa Ireri. Sikufungua sanduku kuangalia. Nani angefungua sanduku lililofungwa na Mzee Baariu? Lingekuwa kama kumkagua padri mifukoni.

Jumanne iliyofuata, Mzee akiwa ameshaagwa na kupewa blanketi na saa ya ukutani, nilipima stoo yote, kama inavyotakiwa funguo zinapobadilisha mkono. Kopo lililokuwa wazi la baruti ya bunduki lilikuwa sawa. Kopo la baruti ya bastola lilipungua karibu gramu mia tatu. Nikaangalia mizani kwa jiwe lake la kupimia. Nikapima tena. Nikapima mara ya tatu, ingawa nilishajua mimi ni mjinga kiasi gani.

Wiki moja kabla ya hapo, ili kutafutia mzigo mpya nafasi, nilikuwa nimehamisha makopo kwenye rafu. Ya bunduki, yaliyokuwa kulia miaka yote, nikayapeleka kushoto, na ya bastola kulia. Niliandika kitabuni. Sikumwambia Mzee kwa mdomo.

Nilimpigia. Nyumbani kwake si mbali, akaja kwa miguu, amevaa kofia yake ya mvua.

"Mzee, lile kopo la Ireri uliliongeza kitu?"

"Nililijaza," akasema bila wasiwasi. "Kwani ningemrudishia mtoto wa watu kopo robo, kama mtu hana kwao? Ametusaidia. Nikaongeza ya kwetu, aina yake hiyo hiyo."

"Ulitoa kopo gani?"

"La kulia."

Nilimwonyesha rafu. Alisogea karibu, akasogea tena, mpaka pua yake ikakaribia kugusa lebo, na hapo ndipo nilipoelewa kwamba macho yake yalikuwa na ukungu kwa muda mrefu na alikuwa akifanya kazi kwa mikono na mazoea. Alikuwa ametuficha sote. Aliketi juu ya sanduku tupu, akavua kofia.

Niwaeleze hatari yenyewe, msije mkadhani tulikuwa tunalia kwa ajili ya kanuni. Baruti ya bastola huwaka haraka, kama majani makavu ya migomba. Ya bunduki ndefu huwaka taratibu, kama gogo la mti mgumu. Ukichanganya ya haraka kwenye ya taratibu, kisha ukapima kiasi kile kile cha siku zote, nguvu inakuja yote kwa pamoja na bunduki inaweza kupasuka mbele ya uso wa anayeipiga. Na hizo zetu mbili zilikuwa chembe za duara, kijivu, sawa kabisa. Kwa macho hakuna mtu angezitofautisha.

Nilimpigia Ireri. Simu imezimwa. Nikapiga tena na tena. Alikuwa ndani ya chumba cha kujazia, na simu yake ameizima na kuiacha nje, kama Mzee alivyomfundisha. Siku iliyofuata uwanja wao ulikuwa na mashindano, na binti yake Wawira alikuwa anashiriki.

Nilimwita dereva wa uwanja, Mutwiri, alete pikapu. Mzee akasimama akasema anakuja. Nikamwambia apumzike. Akasema hajaniuliza.

Kutoka Kiirua mpaka Meru, Nkubu, Chuka, na kona zote za mbele yake, nilikuwa na muda wa kutosha wa kujaribiwa. Ningeweza kumwambia Ireri kwamba kiwanda kimetoa onyo, baruti ile ina kasoro, amwage. Jina la Mzee lingebaki safi na langu pia. Nilimpenda yule mzee kuliko baadhi ya watu wa ukoo wangu, na hilo naliandika wazi. Lakini nilifikiria: Ireri akiamini ni kasoro ya kiwanda, mwaka ujao yeye mwenyewe atamjazia mwingine kopo kwa heshima hiyo hiyo. Tulipovuka daraja la Thuchi nilikuwa nimeamua, na sikuamua kwa ushujaa. Nilikuwa nimechoka kubishana na nafsi yangu.

Ireri alitupokea kama wakwe. "Mzee! Kumbe umekuja mwenyewe! Karibu, karibu. Wawira, lete chai."

"Chai baadaye," nikasema. "Ireri, lile kopo lililokuwa limefunguliwa, umelitumia?"

"Hilo ndio nimeanza nalo. Si Mzee alitufundisha, ya zamani kwanza? Risasi hamsini ziko tayari. Kesho Wawira anapiga nazo."

"Isipigwe hata moja."

Alicheka. Nikamweleza yote: rafu, mizani, gramu mia tatu. Kadiri nilivyoeleza, ndivyo alivyokuwa anamtazama Mzee badala yangu. Mzee alikuwa ameketi kwenye benchi, anatazama viatu vyake.

"Mama Mwenda, na heshima zote," Ireri akasema kwa sauti ya chini, akiniita kwa jina la mwanangu. "Huyu mzee ndio amenifundisha hii kazi. Amenijazia kopo na mkono yake. Saa hii nimwage zawadi yake chini, yeye akiwa amekaa hapo ananiona? Hiyo mimi siwezi. Pengine mizani yako iko na shida."

"Nimeipima na jiwe lake mara tatu."

"Basi kosa ni yako, wewe ndio ulihamisha vitu."

"Ni yangu, na ni ya Mzee. Tumegawana. Lakini jicho ni la Wawira, na hilo haliwezi kugawanywa."

Wawira alikuwa amefika mlangoni na chupa ya chai. Aliiweka chini polepole. Ireri alimwona, na hata hapo, naapa, alimgeukia Mzee kwanza, kama mtu anayengoja ruhusa. Kwa mara ya kwanza maishani nilikasirikia heshima. Nilienda nikasimama kati ya meza na mlango, nikamwambia Ireri kwamba sitoki pale mpaka zile risasi ziwe zimevunjwa, na kama anataka kumwita mwenyekiti, na amwite, na kama ni polisi, vibali ninavyo.

Ndipo Mzee aliposema.

"Ireri. Mimi sioni lebo siku hizi."

"Mzee, usiseme hivyo."

"Naona mlango, naona mtu. Lebo sioni. Nilishika kopo la kulia kwa sababu miaka yote ni la kulia. Na hata kama ningeshika la kushoto, mimi ndiye niliwaambia msichanganye. Kopo halikuhitaji kujazwa. Mwaga."

Ireri hakusogea.

"Ama nimwage mimi?"

Basi tukafanya kazi. Ireri alifungua risasi moja moja, hamsini zote, akavuta kichwa, akatoa baruti. Mimi nilihesabu kwa sauti. Mzee aliketi kando, mgongo wima, akisikiliza hesabu, na nilipofika arobaini na tisa nikanyamaza kidogo kutafuta ya mwisho, akasema, "Bado moja," kana kwamba bado niko kwenye wiki yangu ya kwanza. Ilikuwa imebingirika chini ya mizani. Tukaichoma baruti yote kidogo kidogo mahali wazi, kila fungu likisema fyuuu. Ireri akakwaruza lebo na kulitoboa lile kopo mwenyewe. Kisha akafungua lile jipya lenye lakiri na kuanza upya, akajaza ishirini kabla jua halijazama.

Kwenye mashindano, Wawira alitoka wa nne. Alilaumu upepo. Sijawahi kumjua mpigaji shabaha asiyelaumu upepo.

Ripoti niliiandika keshoye, kwa kamati na kwa ofisi ya leseni, majina mawili, la Mzee na langu. Yaliyofuata yako kwenye faili. Rafu mnazoziona leo, baruti ya bastola chumba cha nje na ya bunduki chumba cha ndani, zilitokana na wiki ile, na vilevile lile tangazo mlangoni mnalolicheka: MAKOPO HURUDI MATUPU.

Njiani tukirudi, tulipofika Nkubu, Mzee alinigeukia.

"Ungesema ni kiwanda," akaniambia.

"Ningesema."

"Nani angejua?"

"Hakuna. Na Ireri angeendelea kujazia watu makopo."

Akavuta kofia mpaka kwenye nyusi, akageukia dirishani. Mutwiri alimshusha kwake, naye akaingia bila kuniaga. Wiki zikapita hapokei simu yangu. Nilimsikia kwa watu tu, kwamba amepasuliwa macho na anaendelea vizuri. Niliumia. Nilijua nilichofanya ni sawa, na bado kila nikifungua ile stoo asubuhi niliona nimemnyang'anya mzee kitu ambacho hangepata umri wa kukitafuta tena.

Mwishowe nilichoka kungoja. Nilipika uji wa wimbi, nikaujaza kwenye chupa yangu kubwa ya chai, nikaenda kwake bila kualikwa. Mkewe alinikaribisha. Mzee alikuwa ameketi uani, jicho moja lina bandeji. Alikunywa uji vikombe viwili, akaniuliza kama nimenusa makopo mwezi huo, nikasema nimenusa, akaniuliza kama nilikuwa na mafua, nikasema sina. Tukaongea habari za mvua. Jambo lenyewe hatukuligusa.

Niliposimama kuondoka, mkewe aliichukua ile chupa, akaisuuza, akaanza kufunua kibuyu cha maziwa aijaze, kama mtu yeyote wa kwetu angefanya.

"Acha," Mzee akasema.

"Niache nini? Mgeni atatoka hapa na chupa tupu? Watu watasema nini?"

"Nipe."

Aliishika ile chupa, akaizungusha karibu na lile jicho lililopona, akatazama ndani mpaka chini kuhakikisha. Kisha akafunga kifuniko kwa nguvu, akainuka, akanikabidhi kwa mikono miwili.

"Hii ya Gatwiri," akamwambia mkewe, "inarudi tupu."

Nilitembea nayo mpaka barabarani kabla sijaanza kulia. Mpaka leo hakuna mtu aliyenipa kitu kizito zaidi ya kile.